Nukta chini ya nukta, na jibu bado limekosewa

Andika ubaoni 5.2 − 1.34, waambie watoto wafanye kila mtu peke yake, kisha pita katikati ya madawati ukichungulia madaftari. Utakuta waliopata 3.86. Hao wako sawa. Utakuta pia wenye 4.32, wenye 3.94, na mmoja au wawili wenye 0.82. Mwalimu aliyechoka, mwenye vipindi sita siku hiyo na watoto waliobanana watatu watatu, ataweka alama za kosa, atageukia ubao na kusema kile tulichoambiwa sote tulipokuwa wadogo: "Pangeni nukta chini ya nukta!"

Nami nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka. Kilichonizindua ni daftari la binti mmoja aliyepata 3.94. Nukta zake zilikuwa zimenyooka kama zimepigiwa rula.

  5.2
− 1.34
= 3.94

Mfuatilie alivyokwenda. Safu ya mwisho kulia, chini kuna 4 na juu hakuna kitu. Akasema moyoni, hapa juu hakuna cha kupunguzwa, basi nne inashuka kama ilivyo. Akasogea kushoto: 2 toa 3 haiwezekani, akakopa, 12 toa 3 ni 9. Zimebaki 4, toa 1, ni 3. Kukopa anakujua, kupanga anakujua, na kanuni yangu ameitii. Asichokijua ni kwamba pale palipo patupu pana sifuri, na huwezi kutoa nne mahali pasipo na kitu bila kwanza kuvunja kitu kingine.

Mwenye 4.32 ana fikra nyingine kabisa. Kwake nukta ni ukuta unaotenga hesabu mbili zisizojuana. Upande huu 5 toa 1 ni 4. Upande ule kuna 2 na 34, na kwa kuwa 34 ni kubwa, 34 toa 2 ni 32. Na yule wa 0.82 amesukuma tarakimu zote kulia kama tunavyofanya kwa namba nzima, akaona 52 juu na 134 chini, akageuza, 134 toa 52 ni 82, halafu akahesabu tarakimu mbili kutoka kulia na kupachika nukta.

Makosa matatu, mama yao mmoja. Hakuna hata mmoja kati ya watoto hawa anayeona ukubwa wa vitu vilivyo kulia kwa nukta. Anaona tarakimu tu. Ndiyo maana michezo na nyimbo nyingi tunazobuni ili somo hili lichangamke hazifiki mbali: tunachangamsha kanuni, wakati kinachokosekana ni kitu chenyewe. Ukitaka mtoto afurahie kutoa desimali, zipeleke furaha zako zote nyuma kidogo, kwenye kuvunja moja iwe kumi, na kumi iwe mia. Kutoa kwenyewe kutafuata bila kelele.

Namba tunavyozisoma

Kabla ya mkasi na karatasi, sikiliza midomo. Mtaani watu wanaisoma 1.34 "moja nukta thelathini na nne", na walimu tumo. Mtoto akisikia thelathini na nne, anafikiria thelathini na nne, kitu kikubwa, kikubwa kuliko ile "mbili" iliyo katika 5.2. Hapo 4.32 imeshazaliwa hata kabla ya kalamu kushikwa.

Jaribu swali hili: kati ya 0.6 na 0.45, ipi kubwa? Wengi watasema 0.45, kwa sababu arobaini na tano inaipita sita. Lakini usiishie hapo. Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, waliochunguza kwa miaka mingi namna watoto wanavyolinganisha desimali, walionyesha kwamba kuna kundi jingine lenye kosa la kinyume. Hawa wanaamini namba fupi ndiyo kubwa siku zote. Wanajua sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi, wakahitimisha kwamba chochote chenye sehemu za mia ni kidogo. Mtoto wa aina hii atakujibu 0.6 na utampongeza, kumbe amepata kwa sababu isiyo sahihi. Kwa hiyo ongeza swali la pili: kati ya 0.3 na 0.75? Hapo ndipo atakapojitokeza.

Dawa ninayoitumia ni ya kuchosha kidogo. Wiki ya kwanza neno "nukta" halitamkwi darasani. 5.2 inasomwa "tano, na sehemu mbili za kumi". 1.34 inasomwa "moja, sehemu tatu za kumi, sehemu nne za mia". Watoto wanalalamika kwamba ni ndefu. Ni ndefu kweli, lakini kila wakisoma wanajikuta wametaja ukubwa wa kila tarakimu. Angalizo moja tu la Kiswahili chetu: pumua kati ya sehemu na sehemu. Ukisema haraka "sehemu tatu za kumi na nne", umeshataja kitu kingine, tatu juu ya kumi na nne.

Kwa upande mwingine Kiswahili kinatupa msaada ambao hatuutumii. Mtoto anayekwenda kanisani ameshasikia fungu la kumi mara nyingi. Muulize: mtu akivuna magunia kumi, fungu la kumi ni magunia mangapi? Akivuna gunia moja tu je? Atakwambia lazima lile gunia lifunguliwe, ligawanywe. Sawa kabisa, hiyo ndiyo 0.1. Na yule aliyesoma madrasa huenda ameshasikia kwamba zaka ya mazao yaliyomea kwa mvua ni ushuri, yaani moja ya kumi. Neno ushuru, la kodi ya sokoni na bandarini, lina asili hiyo hiyo ya Kiarabu ya sehemu ya kumi.

Hata historia inapita njia hii. Mtaalamu wa hesabu al-Uqlidisi aliandika kuhusu desimali akiwa Damascus katika karne ya 10, na al-Kashi akazitumia kwa ustadi mkubwa huko Samarkand karne ya 15. Ulaya zilienea baada ya kijitabu cha Simon Stevin cha mwaka 1585, kilichoitwa De Thiende, jina ambalo maana yake ni "sehemu ya kumi". Stevin hakuwaandikia wanafunzi wa mtihani. Aliwataja wapima ardhi, wapima vitambaa, wapima mvinyo. Na hakutumia nukta: kila tarakimu aliiwekea namba ndani ya kiduara kuonyesha ni ya nafasi gani. Nukta ilikuja baadaye. Wakati mwingine nawaachia watoto waandike kwa duara kwa siku mbili tatu, na sijaona aliyepotea.

Senti zimekufa

Vitabu vingi hukimbilia fedha: shilingi na senti, senti mia ni shilingi moja. Ni mfano mzuri sana kwa nchi ambayo senti zinatumika. Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966 ilikuja na sarafu za senti 5, 20 na 50, na ya senti 10 ikaongezwa baadaye. Babu na bibi wanazikumbuka: senti 10 yenye pundamilia na kingo za mawimbi, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, ambayo wengine waliiita thumni. Mtoto wa leo hajashika hata sarafu ya shilingi moja. Ukimwambia "shilingi 5 na senti 20" umemwambia habari za kale.

Mahali pekee anapokutana na senti ni kwenye ujumbe wa simu ya mzazi: umepokea TSh 10,000.00. Zile sifuri mbili hazibadiliki kamwe, basi anajifunza kwamba kilicho kulia kwa nukta ni pambo. Kenya afadhali kidogo, bei ya petroli inatangazwa na senti zake, mfano una pumzi. Kwetu nashauri fedha ziachwe, au zije mwishoni kama hadithi. Tena hata zingekuwa hai zina upungufu: sarafu ya senti 10 ukiiweka kando ya shilingi haionekani kuwa sehemu yake ya kumi. Unaambiwa tu, unakubali. Urefu hauhitaji kuambiwa. Unauona.

Mita moja ya karatasi

Tafuta mifuko ya saruji iliyotumika, au kalenda za mwaka uliopita, zile kubwa za ukutani. Kata vipande vyembamba, upana wa vidole viwili, urefu mita moja kamili kwa futi ya fundi cherehani. (Tunaiita futi, nayo tunapimia sentimita, watoto hawajali.) Kila kundi la watoto watano au sita lipate vipande vizima kama kumi na mkasi mmoja.

Usiwaambie kwamba hivi ni vipimo vya mita na sentimita. Kiite "kizima". Waambie wakate kizima kimoja katika vipande kumi vilivyo sawa. Watahangaika, watakunja, watabishana, mwishowe mmoja atachukua rula na kugundua kwamba kila kipande kinapaswa kuwa cha sentimita 10. Hizo ni sehemu za kumi. Sasa wachukue sehemu moja ya kumi waikate tena vipande kumi. Hizo ni sehemu za mia, ndogo, za kushika kwa ncha za vidole. Kisha waulize: tukate tena? Wataanza kucheka. Wapo watakaojaribu, na utaona vijiuzi vya karatasi vya milimita moja vikipeperuka mezani. Hiyo ndiyo 0.001. Baada ya siku hiyo hutamsikia mtoto akikwambia 0.125 ni kubwa kuliko 0.3.

Sasa linakuja swali ambalo kwangu ndilo somo lote. Weka mezani vizima viwili, hakuna kingine. Sema: "Nipe sehemu tatu za kumi."

Wanatazama meza. Hakuna sehemu za kumi pale. Darasa hunyamaza kidogo, halafu siku zote yupo mmoja, na mara nyingi si yule anayeongoza kwenye mitihani, atakayesema, "Mwalimu, si tukikate kimoja?"

Wanakata kimoja, wanapata kumi, wananipa tatu, wanabaki na saba na kizima kimoja. Mbili toa sehemu tatu za kumi ni 1.7. Nawaambia tena, safari hii kwa sauti ndogo: vizima viwili, nipe sehemu tatu za mia. Hapa wanakata mara mbili: kizima kimoja kinakuwa sehemu kumi za kumi, na moja kati ya hizo inakuwa sehemu kumi za mia. Nachukua tatu. Mezani kimebaki kizima kimoja, sehemu tisa za kumi, sehemu saba za mia. 1.97.

Iangalie hiyo tisa ya katikati. Kwenye daftari, 2.00 − 0.03, ni ile tisa inayotokea kama mazingaombwe, "unakopa, hapa hapana, unakwenda mbele, unarudi, inakuwa tisa". Nilifundishwa hivyo na niliifuata miaka yote bila kuuliza ilitoka wapi. Mezani ipo wazi: zilikuwa kumi, moja imevunjwa.

Ndiyo sababu neno "kukopa" nimeliacha. Mkopo hurudishwa, na hapa hakuna anayerudisha. Watoto wana neno lao zuri zaidi, wanalisikia dukani kila siku: kuvunja. Unavunja noti ya elfu kumi upate za elfu moja moja. Thamani ni ile ile, ila sasa unaweza kutoa. "Vunja kizima kimoja" inaeleweka mara moja.

Turudi kwa 5.2 − 1.34. Mezani kuna vizima vitano na sehemu mbili za kumi. Waache wafanye watakavyo na utaona jambo: karibu wote wanaanza kutoa kubwa. Wanaondoa kizima kimoja, vinabaki vinne. Wanataka sehemu tatu za kumi, zipo mbili, wanavunja kizima kimoja, vinabaki vitatu na sehemu kumi na mbili. Wakitoa tatu zinabaki tisa. Wanataka sehemu nne za mia, hakuna hata moja, wanavunja sehemu moja ya kumi, zinabaki nane, na kumi ndogo. Wakitoa nne zinabaki sita. 3.86.

Wameanza kushoto, kinyume cha tulichofundishwa, na wamepata. Usiwakataze. Waandike hivyo hivyo daftarini, watajionea usumbufu: wameandika 4 wakaifuta ikawa 3, wameandika 9 wakaifuta ikawa 8. Baada ya kufuta mara tatu nne ndipo unapowauliza, tukianzia kulia ingekuwaje? Kuanzia kulia kunapunguza kufuta, basi. Hakuna sheria ya hesabu iliyovunjwa kwa kuanzia kushoto.

Na sifuri ya 5.20 nayo inapata maana. Kanuni ya "ongeza sifuri mwishoni" ni ya hatari, kwa sababu mtoto yule yule ameambiwa darasa la pili kwamba ukiongeza sifuri mwishoni namba inakuwa mara kumi. Sifuri hii inasema tu: sehemu za mia mezani hazipo, kwa sasa. Binti wa 3.94 alihitaji kusikia neno hilo moja, hazipo, badala ya kuona pengo.

Kama muuza duka

Kuna njia nyingine ambayo watu wazima wasiopenda hesabu wanaitumia kila siku. Umenunua kitu cha 3,400, umetoa noti ya 10,000. Muuza duka mzoefu hatoi chochote kichwani. Anaweka 600 mkononi mwako, "elfu nne", kisha elfu sita, "kumi". Amepanda kutoka bei hadi noti, na alichokiweka mkononi ndicho jibu.

Chora mstari wa chaki sakafuni kutoka 1 hadi 6, mtoto asimame penye 1.34. Anataka kufika 5.2. Anaruka 0.06, yuko 1.4. Anaruka 0.6, yuko 2. Anaruka 3, yuko 5. Anaruka 0.2, amefika. Jumla ya miruko: 3.86. Hakuna kuvunja, hakuna kupanga. Wapo walimu wanaoiona njia hii kama ya kukwepa kazi. Mimi naiona kama kutoa kwenyewe, maana tofauti ya namba mbili ni umbali kati yake, na mtoto ametoka kuutembea. Kwa hesabu kama 10 − 9.58 njia hii inaipita ya safu kwa mbali.

Sekunde na mita

Watoto wakishaona vipande, sasa wape sababu ya kutaka kujua tofauti. Kwangu riadha imenisaidia kuliko mfano mwingine wowote, na nchi zetu hazina uhaba.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16. John Walker wa New Zealand alikuwa akimkaribia na kumaliza kwa 3 na 32.52. Toa: 32.52 − 32.16 ni 0.36. Watoto wapige makofi mawili ya haraka haraka, muda kati ya kofi na kofi ndiyo hiyo 0.36 ya sekunde kwa makadirio, au hata pungufu. Lakini Bayi alikuwa anakimbia kama mita 7 kila sekunde, kwa hiyo 0.36 ni kama mita mbili na nusu za njia. Zipime sakafuni kwa vipande vya karatasi.

Kitamu zaidi: rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani, 3 na 33.1. Sasa 33.1 − 32.16. Hapo una tarakimu moja upande mmoja na mbili upande wa pili, mtego ule ule wa mwanzo, ila sasa umevaa jezi. Jibu ni 0.94. Rasmi rekodi ya Bayi iliandikwa 3:32.2, kwa kuwa wakati huo rekodi za mbio hizo ziliandikwa kwa sehemu za kumi tu, na tofauti inakuwa 0.9. Darasa moja lilibishana kipindi kizima kuhusu zile 0.04 zilikokwenda, nami nikawaacha wabishane.

Tahadhari: nukta mbili ya 3:32.16 si ndugu wa nukta ya desimali. Sekunde 60 ndizo dakika. Mtoto akivunja dakika moja apate sekunde kumi, mrudishe kwenye saa ya ukutani.

Kwa mita 100, Ferdinand Omanyala wa Kenya alikimbia 9.77 Nairobi mwaka 2021, rekodi ya Afrika. Usain Bolt ana 9.58 ya Berlin, 2009. Tofauti 0.19. Kisha waonyeshe fainali ya Paris 2024: Noah Lyles na Kishane Thompson wote waliandikiwa 9.79. Nani mshindi? Waache wapige kelele. Halafu andika 9.784 na 9.789. Tofauti ni 0.005, zile sehemu za elfu zilizopeperuka mezani. Kwa kasi yao ni kama sentimita 5 za njia, yaani vipande vitano vya vile vidogo vya kushika kwa ncha za vidole. Vipange ukingoni mwa dawati. Medali ya dhahabu imekaa hapo.

Halafu watoke nje. Kuruka chini, futi moja, kijiti cha kuchora mstari. Mtoto ameruka sentimita 187, aandike 1.87, mwenzake 2.4. Kaniacha kwa ngapi? Hakuna atakayekuuliza hesabu hii ina faida gani.

Siku ya mvua

Mchezo wa ndani: kata kadi za boksi, andika 0 hadi 9, ziwe seti mbili. Kila mchezaji anaanza na 3. Kwa zamu unachomoa kadi mbili, tuseme 2 na 7, na unachagua mwenyewe kuzipanga 0.27 au 0.72, kisha unatoa. Baada ya zamu tano, aliye karibu zaidi na sifuri ameshinda, aliyepitiliza ametoka. Wenzako wanakukagua, ukikosea unapoteza zamu. Ninachoupendea ni ule uchaguzi. Mtoto anayepanga 0.72 zamu ya kwanza na 0.27 zamu ya mwisho anajua vizuri kabisa tarakimu ipi ina uzito.

Nyumbani mzazi hahitaji hata kadi. Mizani ya kisasa ya dukani inaandika 0.250 kwa robo, 0.750 kwa robo tatu. Mtume mtoto asome. Kilo moja ya sukari, tumetumia 0.235, imebaki ngapi?

Na kwa familia zinazovuka ziwa: Kongo na Burundi, kwa desturi ya Kifaransa, desimali huandikwa kwa mkato, 5,2. Mtoto aliyehamia Kigoma akitokea huko akiona 1,250 ubaoni anaweza kuisoma moja na robo. Hajakosea, amesoma kwa alama za kwao. Mwulize kwanza.

Kuna jambo la kukagua majibu. Tumezoea kuwaambia wakadirie: 5 toa 1 ni 4, basi jibu liwe karibu na 4. Makadirio hayo yanamkamata wa 0.82 peke yake. 3.94 na 4.32 zote ziko karibu na 4, zinapita zikitembea. Kinachozikamata ni kurudisha ulichotoa: 3.94 + 1.34 ni 5.28, wakati tulianza na 5.2. Vipande vinane vidogo vimetoka wapi?

Siku ya mwisho ya mada hii huwa naandika ubaoni hesabu ile ile ya mwanzo, na majibu yote manne chini yake bila majina. Kazi si kusema lipi sahihi. Kazi ni kueleza kila mmoja alikuwa anawaza nini. Mara ya mwisho walichelewa sana kwenye 0.82, wakaimaliza 4.32 haraka, na walipofika 3.94 mvulana wa dawati la nyuma akasimama na vipande vyake mkononi.

"Mwalimu, huyu ametoa nne za mia, lakini hakuvunja kitu. Sasa amezitoa wapi?"

Binti wa 3.94 alikuwa amekaa dawati la mbele. Alikuwa wa kwanza kucheka.